Kavindu na Joto la Julai

Magdalene Kavindu ana kanuni moja kazini: hakabidhi kompyuta aliyoiongeza kasi mpaka akae nayo kwa muda wa saa tatu ndani ya chumba cha mwenyewe, kuanzia saa nane mchana. Haijaribu dukani kwake Ruiru. Anaijaribu kwa mteja, juu ya meza ya mteja, chini ya mabati ya mteja.

Wengi huona ni usumbufu. Fundi gani huyu anayekuja kukaa kwako mchana mzima kama mgeni wa mahari? Huja na kipimajoto cha ukutani ndani ya kiondo, pamoja na minji, yaani njegere, za kumenya, akaketi mbele ya mashine akimenya na kutazama skrini. Kila robo saa huandika joto la chumba na joto la prosesa. Prosesa ikipita nyuzi themanini hupunguza kasi, hata mwenyewe akimsihi aiache.

Mimi naona yuko sahihi. Prosesa ndiyo sehemu inayofanya hesabu zote ndani ya kompyuta, na kiwanda huipa kasi yake. Mtu anayejua anaweza kuingia kwenye mipangilio akaiambia ikimbie zaidi, nayo itakimbia, lakini itakula umeme zaidi na kutoa joto zaidi. Joto hilo huondolewa na chuma chenye mapezi pamoja na feni, na feni haina miujiza. Ikivuta hewa ya moto, itapoza kwa hewa ya moto. Joto likivuka kiwango, mashine hujizima isije ikaungua.

Kavindu hakujifunza habari za joto kwenye kompyuta. Kwa miaka kumi na mmoja alilinda boila, tangi la mvuke, ya kiwanda kimoja mjini Thika, kazi yake ikiwa kutazama mshale wa geji usivuke alama nyekundu. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, alienda kusomea cheti cha ufundi wa kompyuta, akakaa dawati moja na vijana wa umri wa binti yake, Mbithe. Walimcheka, lakini alipasi. Sasa ana miaka hamsini na miwili, anaishi Kalimoni, na hufungua duka kabla ya saa mbili asubuhi. Husema boila ilimfundisha kwamba mshale haujali kama wewe umechoka au una haraka.

Lakini mwaka jana, mwezi wa Julai, yeye mwenyewe aliivunja kanuni hiyo.

Siku ya Jumanne alijiwa dukani na Austine Ouma, kijana wa mtaa wa Kiandutu, Thika, aliyekuwa akipakia mizigo kwenye malori kwa kibarua cha siku. Austine alikuwa amejifunza kuchora nyumba kwa kompyuta, na mkandarasi mmoja wa Ruiru alimwambia amletee Jumamosi, saa nne asubuhi, video inayomtembeza mtu ndani ya nyumba ambayo bado haijajengwa. Mkandarasi akipendezwa, angempa kazi ya kudumu ya kuchora. Asipopendezwa, Austine angerudi kwenye malori. Video hiyo ni picha mia tisa, ambazo kompyuta huzichora moja baada ya nyingine, na kwa mwendo wake wa kawaida mashine ya Austine ingemaliza Jumapili. Akaomba iongezwe kasi.

Kavindu aliiongeza. Aliijaribu dukani, ikasimama kwenye nyuzi sabini bila kuyumba. Nje kulikuwa na ukungu, na watu walitembea wamevaa makoti mawili. Akajiambia kwamba Julai hakuna chumba chenye joto, na safari ya Kiandutu haina haja. Huo ulikuwa uvivu uliovaa nguo za hekima, na mimi namheshimu kwa sababu baadaye hakuuita jina lingine.

Jumatano saa tisa alasiri mashine ilijizima. Austine akaiwasha, ikachora picha chache, ikajizima tena. Kufika jioni alikuwa na picha mia mbili tu. Alhamisi asubuhi alisimama mlangoni pa duka, akamwambia Kavindu kwa upole kwamba mashine imekataa. Kavindu akachukua kiondo chake, akafunga duka, wakaenda pamoja.

Alipoingia chumbani miwani yake ilishika mvuke. Lynn, mke wa Austine, alikuwa ameketi na mtoto wao Boaz mgongoni, akichochea maharagwe juu ya jiko la makaa. Jiko lilikuwa karibu na mguu wa meza, na chini ya meza ndipo kompyuta ilipowekwa. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono, jambo ambalo angalau lilikuwa la busara, maana makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua.

"Karibu, Mama Mbithe," Lynn akasema. "Na usiniangalie hivyo. Hii jiko ningeweka wapi? Huko nje ni friji."

Kavindu alitundika kipimajoto ukutani akangoja. Kikasoma nyuzi thelathini na nne.

"Mama Boaz, Februari hapa ndani huwa namna gani?"

"Februari? Februari tunapikia nje. Hapa ndani kunakuwa poa kabisa."

Kavindu akalitazama jiko. Watu wa vyumba vya kupanga hufanya hivyo kila mwaka, na yeye mwenyewe aliwahi kuishi hivyo miaka yake ya kiwandani. Baridi ikija, jiko huingia ndani, kwa hiyo chumba cha Julai huwa na joto kuliko cha Februari. Alilijua jambo hilo akalisahau, kwa kuwa hakwenda kuliona.

Austine alianza kumgeukia mkewe. "Si nilikuambia hiyo jiko itatuletea shida?"

"Uliniambia lini? Maharagwe ni nani aliitisha?"

"Austine, wachana na mama mtoto," Kavindu akasema. "Jiko halina makosa, na huyu hana makosa. Ni mimi sikukuja. Ningekaa hapa Jumanne saa nane, ningeona."

Nimewajua mafundi wengi, na ni wachache wanaoweza kutamka maneno hayo mbele ya mke wa mteja.

"Sasa Jumamosi?" Austine akauliza.

"Jumamosi utaenda kwa mkandarasi."

Aliifungua mashine, akaondoa majivu yaliyoziba mapezi, akapaka pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma, kisha akairudisha kwenye kasi ya kiwanda. Akaiweka juu ya kabati, karibu na dirisha. Halafu alirudi Ruiru, akaileta kompyuta yake mwenyewe, yenye nguvu maradufu ya ile ya Austine, ile anayotumia kupimia mashine za wateja na ambayo bila hiyo duka halifanyi kazi. Picha zilizobaki wakazigawa kati ya mashine mbili. Lynn akahamishia jiko kwenye baraza, akapikia huko amejifunga shuka mbili, akisema hajawahi kuona kompyuta ikihurumiwa kuliko mke.

Alhamisi na Ijumaa Kavindu alishinda mle chumbani akiandika nyuzi. Za prosesa hazikuvuka sitini na tano. Picha ya mwisho ilitoka Ijumaa jioni, kabla ya taa za barabarani kuwaka.

Jumamosi mkandarasi aliitazama video mara mbili, akauliza kama dirisha la jikoni linaweza kusogezwa kidogo kushoto, kisha akamwambia Austine aje Jumatatu. Amefanya kazi hapo tangu siku hiyo. Kavindu naye ameongeza jambo moja kwenye desturi yake: miezi ya baridi humwomba mteja awashe jiko kama kawaida, aache mlango wazi, ndipo yeye huanza kupima. Wakimcheka hucheka nao, na minji inaendelea kumenywa.

Kuna Simeon, mwenye chuo kidogo cha kompyuta Ruiru, aliyekuwa akimpelekea Kavindu mashine zake zote kwa miaka minne. Alhamisi ile alifika na mashine sita, akakuta duka limefungwa. Ijumaa akakuta vilevile, akazipeleka kwa fundi mwingine, wala hajarudi. Kavindu hamlaumu. Kuvunja kanuni mara moja kulimgharimu siku mbili za kazi na mteja wake mkubwa kuliko wote.