Samaki Hakunjwi kwa Nguvu

Siku hiyo naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Ilikuwa baridi ya mwezi wa sita hapa Lubumbashi, ile inayofanya moshi wa mbabula za makala, yale majiko ya mkaa, ukae chini chini uani kama hautaki kuondoka. Jua linapita ndani yake polepole, la njano, mpaka kila kitu kinaonekana kama kinaota. Nilikuwa mama kijana. Binti yangu wa kwanza, Nadine, alikuwa na miaka miwili na nusu. Nilikuwa nimemkalisha kwenye kigoda mbele yangu, kibao cha chaki mkononi, namfundisha rangi.

"C'est quelle couleur?" nikamuuliza rangi yake, nikimwonyesha kikombe chekundu.

Hakujibu. Alitazama vidole vyake.

Ngoja kwanza nikueleze nilivyofika hapo. Wazazi wangu walitoka Kasai wakaja huku kufanya biashara, na kwetu shule ilikuwa kama dini ya pili. Mtoto hajaota meno, tayari watu wanabishana kama atakuwa daktari au mwanasheria. (Usicheke, hata kwenu mko hivyo.) Mimi mwenyewe niliacha shule kabla ya diploma, na jambo hilo lilinikaa kooni miaka mingi. Basi nilipompata binti, nikaapa kwamba huyu atafika pale nilipoishia na kupita. Alipoanza kutamka maneno, nami nikaanza masomo. Kila asubuhi baada ya uji: kigoda, kibao, rangi, namba mpaka kumi, zote kwa Kifaransa. Akikosea, narudia. Akikosea tena, napandisha sauti. Wageni wakija, namsimamisha katikati ya sebule ahesabu mbele yao. Wao wanapiga makofi, mimi naumuka kama andazi kwenye mafuta. Mume wangu alipojaribu kunizuia, nilikuwa na methali yangu tayari: samaki mkunje angali mbichi. Nani anabishana na methali?

Kumbe mtoto alikuwa anajifungia ndani ya nafsi yake, kidogo kidogo. Kwanza aliacha kuhesabu mbele ya wageni. Halafu akaacha kutaja rangi. Halafu, mwanangu, akaacha kusema kabisa. Hakuwa mgonjwa, daktari alimtazama masikio na koo, akasema mtoto ni mzima. Alikula, alilala, alinifuata kila nilipokwenda. Lakini hata "mama" hakusema. Wiki ya kwanza nilidhani ni ukaidi. Wiki ya tatu nilikuwa naamka usiku kusikiliza kama atasema ndotoni. Niliogopa kwamba sauti ya mwanangu nimeiua kwa mikono yangu mwenyewe. Na bado nilimkalisha kwenye kigoda kile, kwa sababu sikujua dawa nyingine.

Asubuhi hiyo ya baridi, mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, ametoka Kasenga na vikapu vya samaki wa mto Luapula kama ilivyokuwa desturi yake. Sote tulimwita Tantine Mwape, yaani shangazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini sikujua kwamba siku hiyo mgonjwa nilikuwa mimi. Alisimama mlangoni, akatazama kibao, akamtazama mtoto, akanitazama.

"Yambo, Mama Nadine. Mutoto amefanya nini? Tuko ku tribinali?"

Nilitaka kucheka kusikia ua wangu ukiitwa mahakama, machozi yakanitangulia. Nikamweleza yote, nikamalizia na ile methali yangu, kana kwamba ingenitetea.

Tantine akaketi kwenye mkeka bila haraka, akafungua kikapu, akatoa samaki mkavu aliyekunjwa mviringo, mkia umeingia mdomoni.

"Kukunja samaki njo kazi yangu," akasema. "Ukimuvuta kwa nguvu, tumbo inapasuka, unamutupa. Unamushika polepole, unaimba, unaongea na benzako, yeye mwenyewe anazunguka. Ile maneno yako iko ya kweli, mama. Mikono yako njo iko na haraka."

Akaniambia kigoda nikiweke ndani, na tangu saa ile mtu asimuulize mtoto kitu chochote.

Alikaa kwetu juma zima. Kila siku jua likipanda alitandaza mkeka uani, akawa anachambua samaki wake, wakubwa huku, wadogo kule, huku akiimba kwa sauti ya chini. Moshi ulipita, vumbi jekundu lilielea kwenye mwanga, na Nadine akawa anasogea karibu, hatua moja leo, hatua moja kesho. Naona siku zile mpaka sasa nikifumba macho. Ni kama siku moja ndefu isiyokuwa na saa.

Kuku akapita. Tantine akasema, kama mtu anayejisemea, "Angalia ile mbwa, inatafuta chakula."

Nadine akainua kichwa. Basi.

Siku ya pili akaanza kuhesabu samaki. "Moya, mbili, ine..." Mtoto akamtazama, akawatazama samaki, akanitazama mimi. Nikafungua mdomo nisahihishe, maana ugonjwa wangu ulikuwa haujapona, Tantine akanifinya goti. Akaanza upya, akaruka tatu palepale. Mara akaweka samaki kichwani, akasema kofia yake imeanza kunuka. Nadine akacheka. Kicheko kile, mwanangu, nilikuwa nimekisahau.

Siku ya tatu kuku akatoka nyuma ya magunia ya makala akitangaza yai lake kwa kelele zote. "Ee!" akasema Tantine. "Ile mbwa imetaga yayi!"

Nadine akasimama kwa miguu miwili. "Hapana! Kuku!"

"Kuku? Nani alikuambia?"

"Kuku, Tantine! Kuku, kuku, kuku!"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtu aliyefiwa, lakini ilikuwa furaha. Niliporudi, samaki walikuwa wanahesabiwa tena, na safari hii kulikuwa na mwalimu mdogo anayepiga mkeka kwa kiganja: "Tatu! Sema tatu!" Siku zilizofuata hakutuachia nafasi ya kusema. Hata Kifaransa kilikuwa bado kimo. Alimletea Tantine kikombe kile chekundu.

"Hii iko bleu?" Tantine akauliza.

"Rouge."

"Ruzi?"

"Rou-ge, Tantine," akasema mtoto, polepole, kwa upole ambao mimi sikumfundisha.

Tantine alipokuwa anaondoka, nilimsindikiza hadi kwenye gari la Kasenga. Nikamshukuru kwa ujanja wake wa kujifanya hajui. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ya kuku, nilicheza. Ya tatu, nilicheza. Lakini ya rouge na bleu, mi sikujua, Mama Nadine. Sikuingia ku masomo hata siku moya. Mwalimu wangu wa kwanza njo huyu mutoto." Akaelekeza kidole juu angani, akiwa na haya kidogo. "Ile njo bleu, si vile?"

"Ndiyo, Tantine. Ni bleu."

Gari likaondoka, nikabaki nimesimama, nimejaa aibu. Mimi niliyeiona shule sikuwahi hata siku moja kumuuliza mtoto wangu kitu ambacho nilitaka kweli kukijua. Nilikuwa nampima tu. Na mtoto, hata kabla hajajua kuvaa viatu, anajua tofauti kati ya mtu anayempima na mtu anayemhitaji.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, wewe unayemlea mtoto mdogo sasa. Mfundishe mapema, sikukatazi. Lakini usimwekee kigoda. Akusaidie kuchambua maharage, apewe bonge dogo la bukari, ugali wetu, afinyange anachotaka, ataje rangi za nguo mnapoanika. Kosea mbele yake, akusahihishe. Mchezo uache ukiwa bado mtamu, kesho ataudai mwenyewe. Usimfanye wa kuonyesha wageni, na usimwachie simu imfundishe kwa niaba yako, maana simu haijawahi kumhitaji mtu. Akinyamaza, usimpigie kelele. Keti chini, ufanye kazi yako karibu naye, umngoje. Na ikiwa kuna usilolijua, usilifiche, mwambie akufundishe.

Mungu akupe nyumba yenye kelele, mwanangu. Akupe unyenyekevu wa kukosea, na mtoto wa kukusahihisha huku anacheka.