Neno moja la Kilithuania lililomtoa Bibi Ona kitandani

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenitokea mwenyewe hapa Katy, Houston, mwaka 2018. Chumvi sijaongeza.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kazi ya maana, nika-apply kutunza wazee majumbani. Nikapewa Bibi Ona, Mlithuania wa miaka themanini na kitu. Baada ya stroke Kiingereza kilimtoka chote, kikabaki Kilithuania.

Sasa mimi nimelelewa Tanga. Mtu mzima hafuati chakula, chakula ndicho kinamfuata. Nikawa nampelekea kila kitu kitandani, hadi maji ya kunawa. Nikajiona mtunzaji bora Texas nzima.

Wiki ya tatu akaja therapist wa mazoezi, akakuta miguu imelegea kuliko mwanzo. Akamwambia Rasa, binti wa Bibi: Ijumaa ijayo asipotembea hadi mezani, itabidi ahamie nursing home, makao ya wazee.

Rasa akalia. Kosa lilikuwa langu, nikamwambia hivyo hivyo, nikasubiri kufukuzwa.

Badala yake akanifundisha neno: eiti, kwenda kwa miguu. "Ukitaka muende pamoja, sema einam."

Mnajua ninavyowaza kupita kiasi. Nilijaza ukurasa mzima na kitenzi hicho, nikawa nakirudia niki-drive. Je, lafudhi ikipinda akadhani namtukana?

Jumatatu nikaacha chai na mkate kwenye meza ya jikoni, nikaingia chumbani mikono mitupu. Moyo unaniambia, we mtoto huna adabu. Nikampa mkono.

"Einam, Bibi."

Akanitazama. "Kur einam?"

Rasa akacheka mlangoni. "Anauliza mnaenda wapi!"

Ukurasa mzima, wakuu, na jibu sikuliandaa! Nikanyoosha kidole kwenye chai.

Siku hiyo hatua nne. Alhamisi akafika mlango wa jiko.

Ijumaa therapist kasimama pale, mimi nakagua zulia mara ya tatu, natikisa walker, ile fremu anayoshikilia akitembea, nione kama iko imara. Bibi akanichapa kofi begani.

"Einam!"

Akanitangulia. Chai aliikuta mezani bado ya moto, na nyumbani kwake hakuhama.

Nilichojifunza: heshima kwa mzee si kumletea kikombe tu. Kuna siku heshima ni kumsindikiza hadi kilipo.

Mnaotunza wazee huko ughaibuni, adabu za nyumbani ziliwaponza wapi? Tiririkeni, nasoma zote.