Maji ya Kunawa Miguu

Nilipokuwa na miaka tisa nilikunywa maji ambayo hayakuwa ya kunywa, na tangu siku hiyo sijui kutulia mahali. Wanangu wananicheka. Jioni nikirudi nyumbani Miyuji kutoka kazini Mtumba wananiambia, "Mama, kaa basi ule," nami nakula nimesimama, mkono mmoja kwenye sahani, mwingine unafuta meza. Huwa nawajibu kwamba nikikaa sitainuka tena. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Kwetu ni kando ya ziwa la Bahi. Kiangazi mgeni anaweza kuuliza ziwa lenyewe liko wapi, maana maji hurudi nyuma na kuacha uwanja mweupe wa chumvi. Yanayobaki ukiyaonja unatema. Humo humo wanaishi perege na kambale, samaki wa maji matamu, walioletwa na mito wakati wa mvua wakakosa njia ya kurudi. Bibi yangu aliwaita wageni waliovumilia. "Na mgeni aliyevumilia," alisema, "usimwongezee."

Ndiyo maana kulikuwa na mwiko. Aliyekwangua chumvi haingii ziwani mpaka anawe miguu kwa maji ya kisima. Akiingia na chumvi yake miguuni, samaki watajua wamefukuzwa, na watakufa.

Bibi alikuwa mkwanguaji, na mimi nilikuwa mikono yake ya pili. Tulikwangua udongo mweupe, tukaujaza kwenye chungu kilichotobolewa chini, tukamwagia maji, na yale yaliyochuruzika tukayachemsha mpaka ikabaki chumvi. Chumvi hiyo Bibi aliibadilisha kwa uwele, na uwele ndio tuliokula. Kila asubuhi alinipa kidumu kidogo cha maji ya kisima. "Haya ni ya miguu," alisema. "Si ya mdomo."

Siku hiyo alitangulia nyumbani kuangalia moto, akaniacha nimalizie. Jua lilikuwa kali na vumbi la chumvi limenikaba koo. Nikanywa funda moja. Nikanywa la pili, nikaendelea. Nilipotikisa kidumu hakikulia.

Hapo hapo nikasikia naitwa. Alikuwa baba mdogo Yohana, mdogo wake baba, amesimama majini na wavu. Mwenzake alikuwa na homa, na wavu ule hauvutwi na mtu mmoja.

"Nyemo! Umeshanawa?"

"Ndiyo."

"Umenawa, au umelowesha kidole kimoja?"

"Nimenawa, baba mdogo."

"Haya, shika kamba. Ukiiachia, leo wewe na mlenda, sisi na perege."

Niliishika kamba mpaka viganja vikachubuka. Tulipata samaki wengi, akanichagulia perege mmoja mnene, akamtunga kwenye jani la ukindu nimpelekee Bibi.

Bibi alimpokea samaki, akaniomba kidumu. Akakipindua. Halikutoka hata tone. Kisha akanitazama, si miguu iliyojaa tope jeusi la ziwa, bali midomo. "Kalete kuni," akasema.

Siku mbili zilizofuata sikukaa. Nilikwenda ukingoni asubuhi kabla ya shule, nikaenda tena mchana, nikaenda tena jioni, nikihesabu perege wanaoruka. Siku ya tatu upepo ulivuma kutwa, ziwa likawa rangi ya chai ya maziwa. Kulipokucha perege walikuwa wamelala ukingoni matumbo juu, wamepangana kama viatu mlangoni mwa msiba. Kambale tu ndio walikuwa hai, wanatoa vinywa juu ya maji kutafuta hewa.

Wavuvi walikusanyika, na wakwanguaji wakaitwa wote watano. Tulijua adhabu. Nyumba ya mkosaji haikwangui chumvi mpaka mvua inyeshe. Mzee wa wavuvi alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa nzito.

"Nani ameingia na chumvi?"

Baba mdogo alianza kukagua wavu wake kana kwamba hajawahi kuuona. Mimi nilisimama nyuma ya kanga ya Bibi. Mdomo niliufungua. Nakumbuka vizuri kwamba niliufungua.

"Ni mimi," Bibi akasema. "Nilikuwa na haraka."

Mmoja wa wakwanguaji akacheka. "Mama Yohana! Na wewe ndiye unayetufundisha kunawa. Uzee umekuingia miguuni?"

"Umeniingia," Bibi akajibu. "Utakuingia na wewe, utaniambia."

Watu wakacheka, na jambo likaisha. Yaani liliisha kwao. Bibi alikwenda nyumbani akakifudikiza kile chungu uani, na kiangazi chote kuku walilala juu yake. Tulikula ugali mwembamba na mlenda usio na ladha. Jioni nyingine nilimwona akitoka na kibakuli kwenda kwa yule yule aliyemcheka kuomba chumvi kiasi cha kidole. Mtu aliyegawia chumvi kijiji kizima. Hakuniuliza kitu, nami nikajifunza kujipa kazi: kuchota, kufagia, kutafuta kuni hata zilipokuwepo.

Nikiwa kidato cha pili mwalimu alitufundisha kwamba maji yakikauka chumvi haiondoki nayo, inabaki na kuzidi ukali, na kwamba upepo ukivuruga tope samaki hukosa hewa. Nilikaribia kusimama darasani. Likizo ilipofika sikungoja hata kuvua sare.

"Bibi, siyo miguu iliyowaua. Ni jua na upepo."

Alikuwa anachambua uwele. Hakuinua uso. "Mimi nimekaa na chumvi tangu sijaolewa. Unadhani sijui chumvi ya miguu ni kiasi gani?"

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Watu wakipoteza samaki hutafuta mguu. Wangu ulikuwa umeshakomaa." Akapuliza makapi. "Habari za samaki nimezisikia. Na za kidumu?"

Nikasema, "Ngoja kwanza nikachote maji." Nilikwenda na ndoo, nikakawia kisimani makusudi, na niliporudi alikuwa amesinzia. Likizo iliyofuata nilirudi kumzika.

Basi shule iliisafisha miguu yangu. Mdomo haikuugusa.

Wiki iliyopita mtu aliacha wazi koki ya tenki la jirani, maji yakamwagika yote, na jirani akawa anamgombeza binti wake wa kazi, sauti inafika kwangu. Mwanangu wa pili, mwenye miaka kumi, alisimama mlangoni mwa jiko. "Mama, nikusaidie?" Nikamwambia hapana. Akatoka, akarudi. "Mama, nifagie?" Uwanja alikuwa ameufagia tayari, mara mbili.

Nikazima jiko. Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Sema," nikamwambia. "Sina haraka."