Mchuzi Usioonjwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuonja.

Nilijifunza kupika peke yangu baada ya mama kufariki Tanga, na njia niliyoijua ni hiyo: nachota, naonja, naongeza, naonja tena. Sisi ni Wahindu ambao babu zetu walitoka pwani ya Konkani, India, na mwaka wa msiba hatufanyi sikukuu. Ulipokwisha nilikuwa nimemfuata baba Guangzhou, Uchina, tukiishi mtaa wa Sanyuanli juu ya ofisi za kargo. Sikukuu ya Ganesh, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, ilipokaribia aliniambia nisihangaike, tutakula wali na dengu. Tangu msiba alikuwa hagusi kitu kitamu. Niliogopa kwamba tukiipita sikukuu hiyo, hatairudia tena.

Nikapika khatkhate, mchuzi wa sikukuu wa mama: boga, magimbi, ndizi mbichi, mahindi, mbaazi na tui la nazi, bila kitunguu wala thomu. Kiungo chake ni punje kavu za tirphal, ambazo hapa sikuzipata. Niliweka pilipili ya Sichuan, inayotia ulimi ganzi vilevile. Lakini inafanana nazo kiasi gani? Sikuweza kuvumilia. Nikaonja, nikaonja tena, kwa kijiko kilekile.

Baba alikuwa mlangoni, ameshaoga, hajala tangu asubuhi.

"Umeonja?"

"Kidogo tu, baba. Niliogopa nimeharibu."

Alikitazama chungu. "Cha Mungu hakionjwi kabla yake, mwanangu. Mama yako hakukwambia?"

Hakuniambia, kwa sababu sikuwahi kumuuliza chochote cha jikoni.

Aliweka ndizi moja mbele ya picha ya Ganesh, akasali, akaila, akaenda kulala. Mimi nilibaki na ule mchuzi. Ulikuwa umekolea vizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwaka uliofuata nilipika tena. Mfanyabiashara mmoja wa Zanzibar, rafiki wa baba, alipita kuulizia mzigo wake wa nguo uliokwama bandari ya Nansha, akanikuta nimesimama juu ya chungu, kijiko mkononi.

"Sijui chumvi imetosha, mjomba. Na siruhusiwi kuonja."

"Ramadhani nzima mke wangu anapika haonji. Na mimi nakula."

"Ikizidi je?"

"Nakunywa maji. Kwani huyo Mungu wako hana maji?"

Nilikiweka kijiko chini. Nikafunga modak, vidonge vya unga wa mchele vyenye nazi na sukari guru ndani, nikabana mikunjo yake mpaka vyote vikalingana, maana huko macho yangu yaliruhusiwa.

Baba aliitenga sahani mbele ya picha, akasali, kisha akala.

"Chumvi haikutosha," alisema. Akachukua modak moja. Akachukua na ya pili.

Siku za kawaida bado naonja kupita kiasi. Mchuzi wa Ganesh siuonji. Kila mwaka chumvi hupungua au huzidi, na baba anakula vitu vitamu tena.