Kitabu Kisicho na Muhuri

Xaveria, au Mama Romana kama alivyoitwa na wengi, hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Ukirudisha kitabu chenye doa la mchuzi alikuambia ukweli wako mbele ya watu, hata kama ulikuwa mwalimu mkuu au mke wa diwani. Mji mzima wa Babati ulimwogopa kidogo na kumheshimu sana.

Alizaliwa Nakwa, akasoma mpaka darasa la nane, akapelekwa Arusha kwa kozi ya miezi mitatu. Mwaka 1976 alirudi na cheti pamoja na funguo za maktaba. Ilikuwa chumba kimoja chenye rafu saba, meza mbili na benchi la ukutani. Kwingine angeitwa msaidizi, lakini hapa hakukuwa na mkubwa wa kumsaidia, basi yeye ndiye alikuwa mkutubi.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuchagua. Mara tatu kwa mwaka ililetwa orodha ndefu ya vitabu, naye alitakiwa kuweka alama kwenye vile anavyovitaka. Kabla ya kushika kalamu alizunguka kwanza. Aliwauliza akina mama baada ya misa, aliwauliza wakulima wa Bonga walioleta mbaazi sokoni, alikwenda dukani kwa Alawi kuuliza wateja wanazungumza nini. Siti, fundi cherehani, alitaka michoro ya magauni. Wafugaji walitaka habari za magonjwa ya ng'ombe. Waliotoka kwenye kisomo cha watu wazima walitaka hadithi fupi za herufi kubwa. Xaveria alivipigania vyote, na vilipofika alijivuna kana kwamba amevizaa yeye.

Halafu hali ikawa mbaya. Aliyekuwa mtu mzima miaka ile hahitaji kukumbushwa foleni za sabuni, wala sukari iliyokuwa ikisikika tu kwamba ipo mahali fulani. Orodha ya vitabu haikuja tena. Mwaka 1984, badala yake, lilikuja lori na makatoni kumi na mawili ya msaada kutoka ng'ambo. Xaveria aliyafungua kwa hamu, akakuta sheria za kodi za nchi ya watu, na namna ya kupasha nyumba joto wakati wa theluji. Makatoni yaliambatana na barua kutoka makao makuu. Vitabu vya msaada viwekwe rafuni mara moja, na nafasi ipatikane kwa kuondoa vile ambavyo havijaazimwa kwa miaka mitatu.

Aliandika barua ya kupinga. Haikujibiwa. Akaandika nyingine, ikawa vilevile. Basi akafunga kitambaa kichwani akaanza kazi, na niseme kweli, akiisha kuanza aliifanya kwa raha, maana alipenda rafu zilizonyooka. Nyuma ya kila kitabu ilibandikwa karatasi ya tarehe, na kila kilipoazimwa aligonga muhuri juu yake. Sasa alifungua kila kitabu kwa nyuma, akatazama tarehe ya mwisho, akaamua. Chenye muhuri wa karibuni kilibaki. Kisicho nao kilitolewa, kikapigwa mstari mwekundu kwenye daftari. Kwa siku nne aliondoa vitabu mia na sitini.

Utaratibu ulisema vilivyoondolewa vichomwe. Hilo hakuliweza. Karatasi zilikuwa hazipatikani, na Alawi alikuwa akifungia watu chumvi kwenye majani ya mgomba. Xaveria akampelekea vitabu vyote, akaona amefanya jambo la busara.

Jumamosi iliyofuata aliingia mzee Anselmi wa Mutuka. Alikuwa mzee mkimya, mwenye koti lililochakaa viwikoni. Kila Jumamosi alipomaliza shughuli zake sokoni alikuja kukaa kwenye benchi nusu saa, akachukua kitabu rafuni, akakifungua, akakirudisha, akaenda zake. Hakuwa na kadi. Ili upate kadi ulitakiwa kuwa na mdhamini mwenye kazi ya mshahara, na mzee hakuwahi kuomba. Xaveria alidhani anapumzisha miguu tu.

Siku hiyo Anselmi alisimama mbele ya rafu ya kilimo muda mrefu. Alipapasa migongo ya vitabu, akarudia tena kuanzia mwanzo. Mwishowe akasogea mezani akauliza kama kile kitabu chembamba cha plau kimeazimwa. Xaveria akamwamkia, akamweleza kwamba kimeondolewa kwa kuwa hakikuwa na msomaji. Mzee akauliza kama anaweza kukitazama huko kilikopelekwa.

Ndipo alipoeleza, kwa sauti ya chini kama anayeungama. Mwanawe Fabiani alikuwa amesomea kilimo cha maksai, na waliotengeneza kile kitabu walimpiga picha akiwa ameshika plau. Baadaye Fabiani alikwenda vitani Uganda, mwaka wa sabini na tisa, akazikwa hukohuko. Picha nyingine yake haikuwepo. Mtu mmoja aliyesoma naye ndiye aliyemwonyesha mzee ule ukurasa.

Xaveria alimuuliza kwa nini hakusema, kwa nini hakuomba hata kukiazima.

"Nyumba yangu ina moshi, na mchwa wamejaa," alisema Anselmi. "Nikaona nimwache hapa. Hapa ni pakavu."

Xaveria alifunga maktaba saa tano za asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kwa Alawi mbiombio. Alawi hakuelewa kwanza. Alipoelewa alisitisha biashara, wakapiga magoti wote wawili nyuma ya kaunta wakaanza kupekua. Walipata karatasi nne za kitabu cha plau, zenye habari za nira na kamba. Nyingine zilikuwa zimekwenda na chumvi. Alawi akawataja wateja aliowakumbuka, na Xaveria akapita nyumba kwa nyumba mpaka jua likaelekea kuzama, akiulizia karatasi ya chumvi. Watu walimwonea huruma, lakini karatasi ya chumvi ikishafika nyumbani huwashiwa moto. Njiani alilia wazi, bila kujali nani anamwona.

Jumapili baada ya misa alikwenda Mutuka kwa miguu, na zile karatasi nne akiwa amezifunga kwenye khanga. Anselmi alimkaribisha kiti. Mkewe, Katarina, alikuwa amekaa kwenye ngozi karibu na mlango, mguu wake mmoja umevimba. Kwa sababu ya mguu huo hakuwahi kufika mjini tangu mazishi yasiyo na maiti. Mzee alikuwa amepanga kumpeleka kwa mkokoteni baada ya mavuno, akamwone mtoto.

Xaveria aliwaomba msamaha. Alieleza kila kitu, barua, muhuri, duka, bila kujitetea. Akasema atamwandikia Baba Fabiani kadi, na mdhamini atakuwa yeye mwenyewe. Mzee alishukuru kwa adabu.

Katarina alizipokea zile karatasi. Alizigeuza moja moja, mbele na nyuma, taratibu, ingawa alikwisha kuambiwa kwamba picha haimo. Kisha akaziweka mapajani na kumtazama mgeni wake.

"Huyu mzee ananiambia mtoto alikuwa anacheka kwenye picha," alisema. "Lakini macho yake yameanza kufa. Siku moja anasema alivaa kofia, siku nyingine anasema kichwa kilikuwa wazi. Wewe mama umesoma, na kitabu kilikuwa mikononi mwako. Alikuwa anacheka kweli?"

Anselmi naye aliinua uso kumtazama Xaveria, akisubiri.

"Sikumwona, mama," alisema Xaveria. "Nilitazama karatasi ya nyuma tu."