Pale Kwenye Sifuri

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka mpaka leo, na aibu yake bado ninayo.

Nilikuwa mwalimu mpya wa hesabu huku Tarime, kijana wa kujisikia kweli. Nikachora ubaoni grafu ya moja gawanya kwa eksi, mkono mmoja juu kulia, mwingine chini kushoto. Halafu nikachukua rula, nikaiunganisha ile mikono kwa mstari uliopita kwenye sifuri. Msichana mmoja, Ghati, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, ukigawanya kwa nusu unapata mbili. Kwa sehemu ya kumi, kumi. Kwa sehemu ya mia, mia. Mbona ukifika sifuri jibu linaanguka?"

Sikujua. Badala ya kusema sijui, nikamwambia jibu ni sifuri, akae chini aache ubishi. Darasa likamcheka.

Kesho yake hakuja. Siku ya nne nikaenda kwao Nyamwaga, nikamkuta babu yake, mzee Mwita, zizini. Shikamoo yangu aliipokea kwa shida. Akaniambia Ghati amekataa shule, anasema hana akili. Akataka kujua aliuliza nini hasa, nikamweleza. Akanionyesha dume moja la ng'ombe.

"Huyu wagawie watu ambao hawapo. Kila mtu kapata nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Sifuri."

"Kila mtu yupi?"

Kumbe swali lenyewe halina jibu, hata sifuri si jibu lake, na mimi mwenye cheti nafundishwa hayo nimesimama kwenye samadi.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mwambie yeye."

Akamwita Ghati, nikamwomba radhi palepale, na kesho yake nikarudia mbele ya darasa zima. Nikaufuta mstari wangu, nikampa chaki. Akachora akiisogelea sifuri. Ubao ukaisha, akapanda dawati, akaendelea ukutani, mchoro ukizidi kuukaribia ule mstari wa wima uliosimama kwenye sifuri, bila kuugusa. Kitu hicho nilikuwa nakifundisha, wala sikuwahi kukiona. Mkono wake ulipofika chini ya bati, akageuka.

"Mwalimu, ukuta umeisha."

Basi nakuomba, usione haya kusema hujui, hasa mbele ya aliye mdogo kwako. Yako mambo hayana jibu. Yaache hivyo hivyo, uyastaajabie. Ningeng'ang'ania uongo wangu, mtoto yule angebaki nyumbani akiamini ni mjinga.

Mungu akupe watoto wa kukuuliza maswali makubwa kuliko wewe, na akupe moyo wa kuwasikiliza.