Mpaka Mistari Irudi

Mwanamke anayetunza samaki katika chumba cha chini cha maabara ya maji anaitwa Bi Hakikisha, jina alilopewa na watu waliomchoka. Akifunga mlango huusukuma, akapanda ngazi, kisha akarudi kuusukuma tena, kana kwamba mlango ungeweza kubadili mawazo akiisha kuupa mgongo. Kila siku baada ya chakula cha mchana humpigia simu mumewe, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, na kumuuliza kama gesi imefungwa. Mume hujibu kuwa imefungwa, bila kuinua mguu kwenye pedali. Wameishi hivyo miaka mingi na nyumba haijaungua, na kila mmoja anaamini hiyo ni kazi yake.

Woga huo, ambao nyumbani ni kero, kazini ulionekana kipaji. Kwa ajili yake alikabidhiwa samaki ambao hakuna mwingine aliyewataka. Ni wadogo kama kidole cha mwisho, rangi yao kama maji yaliyonawiwa mikono, na ubavuni wana mstari mmoja mweusi uliochorwa kama na mtu mwenye haraka. Duniani walikuwa na kijito kimoja tu, na kijito hicho sasa kinachimbwa kupitisha daraja. Wataalamu waliwavua wote waliowapata, wakawatia kwenye tangi la kioo, wakatangaza kuwa wako hatarini, wakaenda semina. Daraja likikamilika, kijito kitarudishiwa samaki wake. Wakifa hapa chini, hakuna wa kurudishwa.

Tangi la pili lina binamu zao, samaki wa mitaro ya mjini, ambao badala ya mstari wana doa jeusi mkiani. Amri ilikuwa moja: wasichanganywe.

"Hawa hawachagui," mkuu wa maabara alimwambia. "Wakikaa pamoja watazaana, na watoto hawatakuwa wa huku wala wa kule. Msimu kama huu wanataga kila alfajiri."

Tangu siku hiyo Bi Hakikisha hakulala usingizi wa maana.

Kazi yenyewe ni ya subira. Maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu, na dawa hiyo haiulizi kidudu ni kipi na samaki ni yupi. Dawa ya kuizima iliagizwa. Hadi leo iko njiani. Basi maji hukingwa kwenye pipa, yakaachwa wazi mpaka harufu iishe. Pipa lililo wazi, bado. Pipa lililofunikwa, tayari. Utaratibu huo aliufahamu yeye peke yake, na hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kuliogopa.

Siku hiyo alikuwa na mafua. Akavaa barakoa, akihofia kuwapigia samaki chafya. Akafunua pipa la pembeni, akachota ndoo, akamimina kwenye tangi la wenye mstari, taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Akamimina na ya pili.

Samaki walipanda juu wote kwa pamoja. Wakawa wanafumbua midomo kwenye uso wa maji, halafu wakaanza kukimbia na kujigonga kwenye kioo.

Alivua barakoa, akainamia pipa. Hata kwa pua ile iliyoziba, harufu ilimchoma.

"Nani ameshika pipa hili?"

Mlinzi alichungulia kutoka ngazini, uso umejaa wema. "Mimi, dada. Niliona limebaki nusu, nikasema nikujazie usihangaike na mafua yako. Na nikalifunika vizuri kabisa, maana wewe na vitu visivyofunikwa, tunakujua."

"Kaka, umeniua."

"Kwa maji?"

Bi Hakikisha alikuwa ameshageukia tangi. Mmoja alikuwa ameshalala ubavu. Maji mazima katika jengo lote yalikuwa mahali pamoja tu: kwenye tangi la binamu.

"Si ndugu hao?" mlinzi aliuliza. "Wahamie tu kwa ndugu."

"Lete ndoo! Chota maji humohumo kwa hao binamu, uwatie ndooni. Wote!"

Walitoa mawe, wakang'oa majani, wakapitisha wavu kila kona. Mlinzi alivua kwa juhudi ya mtu mwenye hatia. Ilipoonekana hakuna kilichobaki, Bi Hakikisha aliwahamisha wenye mstari haraka haraka, wavu ukigongagonga kioo. Yule aliyelala ubavu hakuamka. Wengine walienda kujikunyata chini.

Akawahesabu. Akarudia. Mara zote alipata mmoja zaidi, na kwa mara ya kwanza maishani aliomba awe amekosea.

"Kuna binamu humo ndani."

"Mtoe basi, yule wa doa."

"Angalia vizuri. Unaona doa?"

Mlinzi aliangalia. Hapakuwa na doa wala mstari. Samaki hawa wakishtuka hupauka, na tangi zima lilikuwa limepauka kama karatasi.

"Rangi inarudi wakitulia," Bi Hakikisha alinong'ona. "Tukae. Usiguse kitu."

"Na taa?"

"Ukiwasha watashtuka tena."

Walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mwanga ulitoka kwenye kidirisha kilicho usawa wa barabara, ambako miguu ya watu ilipita ikielekea nyumbani, na kila jozi ilipunguza mwanga kidogo. Bi Hakikisha alibana chafya mpaka machozi yakamtoka. Giza likiingia kabla ya rangi, alfajiri mayai yatakuwa yameshachanganyika, na hakuna mkono wa kuyatenganisha. Hatimaye mstari mmoja ulijitokeza, hafifu. Kisha wa pili.

Simu ikalia.

Ilikuwa kwenye meza ya bati, ikalia na kutetemeka, na bati nalo likaitikia. Mistari yote ikafutika.

"Mbona leo hujauliza gesi?" ilikuwa sauti ya mumewe. "Kuna nini? Nimeenda kuiangalia mwenyewe. Nimeiangalia mara mbili!"

Bi Hakikisha alikuwa ameipokea simu bila kugeuka. Alikuwa anatazama tangi. Wote walikuwa wamepauka na kurundikana kwenye kona, isipokuwa mmoja aliyekuwa akitembea katikati kwa raha zake, doa lake jeusi limekolea mkiani. Huyo alizaliwa mtaroni, chini ya pikipiki na wauza kanda za muziki. Simu kwake ilikuwa kelele ya nyumbani.

"Usikate," alimwambia mumewe. "Endelea kusema. Sema kwa nguvu."

Akaweka spika. Fundi cherehani akaendelea kueleza habari za gesi kwa sauti ya juu, na wavu ukazama polepole.

Akahesabu tena, akarudia. Hesabu ilikubali. Akamfunga yule aliyekufa kwenye kitambaa, ili asubuhi amweleze mkuu wa maabara akiwa na ushahidi mkononi, kisha akafunga mlango, akausukuma.

Mlinzi hakucheka. Alikuwa amebaki kwenye korido, penye mapipa ya akiba yaliyoachwa wazi, harufu yake bado haijaisha. Akainamia moja, akanusa, akapiga hatua kwenda getini. Halafu akarudi, akanusa tena.